Uwanja wa nyumba si lazima uwe wa nyasi



Ndugu wasomaji, hapa Nateete viwanja vya nyumba zetu vingi ni vya aina mbili. Wenye uwezo hupanda nyasi za paspalamu. Wengine huacha udongo mtupu na kuufagia kila asubuhi. Kwa maoni yangu, njia zote mbili zina hasara.

Nyasi hutaka kukatwa kila mara wakati wa mvua, na kiangazi hutaka maji ya bomba ya kulipia. Sisi tunaofundishwa kuepuka israfu hata katika maji ya udhu, tutajibu nini juu ya maji tunayomwagia nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzila?

Udongo mtupu nao huchukuliwa na mvua hadi mitaroni. Mtaro ukijaa tope na takataka, maji huingia majumbani. Wanaoishi karibu na mfereji wa Nalukolongo wanalijua hilo. Basi udongo wa aliye juu humdhuru aliye bondeni, na haki ya jirani mnaijua.

Iko njia ya tatu: mimea inayotambaa. Mmoja ni wa jamii ya karanga, wataalamu huuita Arachis pintoi. Asili yake ni Brazil. Una maua ya manjano, huvumilia kivuli, na mizizi yake huongeza rutuba ya naitrojeni. Mwingine ni viazi vitamu, yaani lumonde: juu majani, chini chakula. Ila ukivichimba udongo hubaki wazi, kwa hiyo visipandwe penye mteremko.

Panda vipande vya mashina mvua zinapoanza, Machi au Septemba, kwa nafasi ya shibiri moja. Miezi ya mwanzo ng'oa magugu kwa mkono. Mmea ukishafunika ardhi, kazi hupungua sana.

Tusidanganyane: mimea hii haihimili kukanyagwa kila siku. Waachieni watoto sehemu yao ya kuchezea, na wekeni mawe kwenye njia. Anayeogopa nyoka aache nafasi wazi mlangoni na kandokando ya ukuta.

Wanafunzi mlio likizo, anzeni na kipande kidogo nyumbani. Fedha ya kukatisha nyasi mzazi ataipeleka kwenye ada na madaftari, na jirani wa bondeni atapata nafuu, Inshaallah.