Samaki Wanaoogelea Mezani

Kuna chombo kimoja cha wavuvi kinachoweza kuonyesha samaki mahali pasipo na tone la maji. Ni kile kipimo cha kina kinachotumia umeme, ambacho hapa tunakiita sonda. Ndani ya vingi vya namna hii waundaji wametia picha za mfano, ili mwenye duka aweze kuwafundisha wanunuzi. Ukibonyeza mahali fulani kioo kinawaka, chini ya ziwa inachorwa, na samaki wanapita mmoja mmoja. Ni mfano tu. Chombo chaweza kuwa kimekwisha kufa upande wa majini, na samaki wale wakaendelea kupita vizuri kabisa.

Basi, tuseme chombo hicho kimefanya kazi miaka mingi katika bahari ya Ulaya, kimechoka, na sasa kimelala juu ya meza ya mchuuzi wa mji wetu. Kijana wa Kamalondo, mwenye ndugu zake wavuvi huko Kasenga, anasimama mbele yake na fedha ya likelemba mfukoni. Anaona samaki. Analipa. Mchuuzi alijua, akanyamaza. Je, amefanya biashara au ameiba? Sisi twasema ameiba, tena twataka kuonyesha kwa nini.

Jambo hili si dogo kwetu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na tangu zamani umekula samaki wa mto Luapula na wa Ziwa Moero. Wazee wetu wanakumbuka jinsi wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walivyoleta samaki katika barafu, kwa njia ya kilomita 200 hivi, ili kulisha wafanyakazi wa migodi. Leo wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku: wanawasha taa juu ya maji, samaki wadogo wanakusanyika, wavu unainuliwa. Zamani taa ilikuwa ya mafuta. Sasa wengi wanatumia taa za batri zinazojazwa kwa jua. Hivyo mvuvi wa leo anahitaji umeme kama babu yake alivyohitaji kasia. Na kwa kuwa vitu vipya ni ghali, ananunua vilivyokwisha kutumiwa.

Kununua kitu kilichotumika si kosa. Shati la mtumba linasitiri mwili, na baiskeli ya zamani inafika shambani. Lakini shati likipasuka, mtu anacheka na kulishona. Batri ikizimika saa nane ya usiku katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeamka, hakuna anayecheka. Chombo kinachobeba uhai wa mtu hakiuzwi kama shati.

Wenye kututetea biashara hii wana maneno matatu. Tuyapime moja moja.

La kwanza ni hili: «Mnunuzi ana macho. Ajiangalie mwenyewe.» Neno hili lilijibiwa karne nyingi zilizopita. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliuliza katika kitabu chake kikubwa kama muuzaji anapaswa kutaja kasoro za kitu anachokiuza. Akatenganisha mambo mawili. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei ikiwa imepunguzwa kwa haki, muuzaji halazimiki kuitangaza, maana kila mtu anaiona. Lakini kasoro ikiwa imefichika, na ikiweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aiseme. Akinyamaza, mauzo hayo ni ya hila.

Na kasoro za vyombo vya umeme ni za namna gani? Karibu zote zimefichika. Sonda inafanya kazi hivi: kichwa chake kinazamishwa majini, kinapiga sauti kwenda chini, kisha kinangoja mwangwi. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde moja, basi mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kina ni mita 15. Kazi yote imo katika kichwa kile na waya wake. Kama waya ulikatwa ukaungwa, maji yanaingia. Kama kichwa ni cha chombo kingine, huenda visisikilizane. Kioo kinachowaka mezani hakikuambii hata neno moja juu ya hayo.

Batri nayo ni vivyo hivyo. Batri ya risasi ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 au kuzidi kidogo inapopumzika. Lakini hata batri mzee, iliyotolewa sasa hivi katika mashine ya kujaza, yaweza kuonyesha hesabu hiyo hiyo. Ifunge taa, ingoje saa mbili, ndipo utajua umri wake. Basi mtu mwenye macho mazuri kuliko wote Lubumbashi hawezi kuona ndani ya batri. Anayesema «mnunuzi ana macho» anajua vema kwamba macho hapa hayasaidii kitu, na ndiyo sababu anayataja.

Neno la pili: «Maskini hana njia nyingine. Mkikataza vitu hivi, mtamnyima kazi.» Neno hili lina sura ya huruma, lakini tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano, batri mpya ni dola 100 ikidumu miaka mitatu, na ya zamani ni dola 40 ikidumu miezi sita. Kwa miaka mitatu maskini atanunua sita, atalipa dola 240. Tajiri amelipa 100. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa inavunja nyumba nzima. Tena hatujahesabu usiku ambao taa ilizimika na wavu ukarudi mtupu.

Na kuna hesabu isiyoandikwa kwa dola. Batri za litiumu zilizotolewa katika kompyuta na simu za zamani, zikafungwa pamoja na fundi asiye na vipimo, zaweza kuvimba, kupata joto na kushika moto ambao ni vigumu kuuzima. Moto huo ndani ya mtumbwi wa mbao, mbali na pwani, ni jambo la kuogopesha. Nani atawaambia watoto wa mvuvi kwamba tulimhurumia baba yao kwa kumwuzia bei rahisi? Huruma ya kweli kwa maskini ni kumwambia kweli. Akiisha kujua, achague mwenyewe. Hapo ndipo anaheshimiwa kama mtu.

Neno la tatu: «Hata mimi niliuziwa bila kuambiwa. Sanduku lilifika limefungwa.» Hapa kuna uchungu wa haki, nasi tunaukiri. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ni chini ya robo tu iliyojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya kwa taratibu. Takataka nyingine hupakiwa merikebuni zikipewa jina la vitu vya kutumika. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Basel uliongezewa masharti: tangu tarehe 1 Januari 2025 takataka zote za umeme, za hatari na zisizo za hatari, hazipelekwi nchi nyingine bila nchi hiyo kukubali kwanza.

Na sisi watu wa Katanga tuna sababu kubwa kuliko wengine ya kukasirika. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, hasa pande za Kolwezi na Likasi. Inaondoka kwetu ikiwa madini, inatiwa katika batri, inawahudumia wengine wakati wa nguvu zake, kisha inaturudia ikiwa maiti, nasi tunailipia. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini mchuuzi anaimwaga juu ya nani? Juu ya mkubwa aliyemdanganya? La, juu ya mvuvi aliye mdogo kuliko yeye. Aliyeibiwa hapati ruhusa ya kuiba. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya wenye merikebu peke yao.

Hata serikali haiko upande wa hila. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, iliyoandikwa tangu tarehe 30 Julai 1888, inamdai muuzaji dhamana kwa kasoro zilizofichika, na inamtaka mnunuzi alete mashtaka yake upesi. Lakini mvuvi wa Kasenga atapanda gari mara ngapi kuja mahakamani Lubumbashi kwa ajili ya batri moja? Penye sheria iliyo mbali, dhamiri lazima iwe karibu.

Basi, tufanye nini? Wewe unayenunua, jiulize kwanza kama unakihitaji chombo hicho. Ziwa Moero halina kina kirefu, hata mahali penye kina kuliko pote hapafiki mita 30. Kamba yenye mafundo na jiwe bado inalipima bila umeme. Kama unakihitaji, usiende peke yako: nenda na fundi, na wenzako wa likelemba wawe mashahidi. Sonda ipimwe katika maji halisi. Taa iwake saa mbili mbele yako. Batri iliyovimba iache, hata ukipewa bure. Mwombe muuzaji aandike jina lake, siku na bei. Akikataa kuandika, au asipoweza kusema chombo kimetoka kwa nani, ondoka. Pengine ni mali ya wizi, na anayeinunua kwa kujua anashiriki wizi.

Nawe unayeuza, hatukuambii ufunge meza yako. Twakuomba jambo moja lisilo na gharama kubwa: weka taa ya kujaribia na ndoo ya maji kando ya biashara yako, kisha sema kwa kinywa chako, hiki ni kizima, hiki ni kibovu, hiki sijui. Neno «sijui» likisemwa kwa unyofu halijamzamisha mtu. Watakaosikia ukweli wako watarudi, na watawaleta ndugu zao.

Mitume wa kwanza wa Bwana wetu Yesu Kristu walikuwa wavuvi. Walijua usiku wa kazi bila samaki, na walijua hofu ya dhoruba. Yeye hakuwaonyesha samaki wa picha. Tusiwaonyeshe sisi wavuvi wa Luapula.