Nge, Ngali na Kalamu Nyekundu

Kuna sentensi moja niliyoikosoa nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nayo haijaacha kunisumbua. Msichana wa kidato cha tatu aliandika katika insha yake: "Ningalisoma kwa bidii nikiwa darasa la nane, ningekuwa katika shule nyingine sasa." Niliipigia mstari kwa wino mwekundu. Kanuni niliyofunzwa nikiwa mwanafunzi ilikuwa wazi: -nge- huandamana na -nge-, -ngali- huandamana na -ngali-, na anayezichanganya hupoteza alama. Aliponijia na daftari kuuliza aandikeje basi, nilimwambia atumie "ningalikuwa". Alinitazama kidogo, akasema, "Lakini mwalimu, mimi bado niko hapa."

Sikuwa na jibu la kumpa.

Wiki iyo hiyo, katika chumba cha walimu, mwenzetu wa Kiingereza alitusomea sentensi aliyoikuta katika daftari la darasa lilo hilo: "If I would have known, I would have come." Tulicheka sote, nami nikiwamo. Laiti tungaliyaweka madaftari yale mawili kwenye meza moja, nadhani kicheko kingalitukauka mdomoni.

Kiingereza hukitenga kishazi cha sharti na kile cha matokeo. Baada ya "if" kitenzi huchukua umbo la wakati uliopita, na "would" hungoja upande wa pili. Mwanafunzi anayeitia pande zote mbili hukosolewa na mtahini. Kiswahili hakina utengano huo. Kiambishi kimoja hukaa katika vishazi vyote viwili: "ningejua, ningekuja". Basi mwanafunzi yule hakuwa akibahatisha. Alitafuta katika Kiingereza kitu cha kusimama mahali pa -nge-, akaipata "would", akaiweka mara mbili kama lugha anayoijua inavyomwelekeza. Kumwambia kwamba amekosea ni sawa, ila kumwambia hivyo bila kumwonyesha njia aliyopitia ni kumwacha arudie kosa lile lile muhula ujao.

Ugumu wa pili ni wa wakati. Mwingereza anaposema "If I had money", hazungumzii jana. Amelichukua umbo la wakati uliopita akalitumia kuonyesha kwamba jambo halipo. Mwanafunzi wetu aliyefunzwa kwamba "had" ni ya jana ana haki ya kushangaa, kwa maana Kiswahili hakimlazimishi kurudi nyuma ili aseme jambo lisilokuwapo: "ningekuwa na pesa" haina -li- wala -me-. Ndivyo ilivyo pia kwa matamanio. "I wish I knew" ni "laiti ningejua", na hilo "laiti" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako pia hutangulia tamaa isiyotarajiwa kutimia. Mwalimu wa Kiingereza angelitaja neno hilo moja tu, nusu ya somo lake ingekuwa imekwisha.

Tena kuna matamanio yanayoweza kutimia, na hapa ndipo kadi za heri zinaponijia akilini, zile zilizokuwa zikijaa madukani kila mitihani ya kitaifa ilipokaribia. Wengi wetu tuliandikiana ndani yake "I wish you pass your exams". Mwingereza hasemi hivyo. Atasema "I hope you pass", au atamtakia mtu "success". Kosa hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika "nakutakia ufaulu", sentensi safi ya Kiswahili yenye kitenzi katika hali ya dhamira tegemezi. Kiswahili huliachia umbo la kitenzi kazi ya kutenganisha dua na majuto: "ufaulu" ni dua, "laiti ungefaulu" ni majuto. Kiingereza hutumia "wish" kwa huku na kule, kisha humtega mgeni kwa kile kinachofuata.

Narudi kwa msichana wangu. Sentensi yake ilikuwa na sharti la zamani na matokeo ya sasa. Hakusoma wakati ule. Yuko pale leo. "Ningalikuwa" niliyompa ilimwondoa shuleni akiwa bado ameketi mbele yangu. Kinachochekesha ni kwamba Kiingereza, ambacho sisi hukilaumu kwa kutuharibia sarufi, kinauruhusu mseto huo bila taabu: "If I had studied, I would be elsewhere now". Sisi ndio tuliojifunga. Sarufi za awali, kama ile ya Steere ya mwaka 1870 na ya Ashton ya mwaka 1944, ziliandikwa kwa Kiingereza ili kumsaidia mgeni, na mgeni huhitaji kanuni fupi. Mzawa wa lugha hatosheki nayo. Isitoshe, katika mazungumzo ya kila siku -nge- imekwisha kubeba mizigo yote miwili. Nani asiyesema "ungeniambia jana ningekuja"?

Najua wapo wahadhiri watakaosema kwamba tukilegeza kanuni hii, kila mchanganyo utapita. Sikubali. "Ungekuja kesho, ningalikupa" haitapita, kwa kuwa matokeo hayawezi kulitangulia sharti lake. Kigezo kiwe mantiki ya wakati, na mtahini aulize sharti ni la lini na matokeo ni ya lini kabla ya kuhesabu viambishi.

Wengi wetu tunaosomea ualimu tumeoanisha Kiswahili na Historia au Dini, na wenzetu wa Kiingereza wameoanisha na Fasihi yao. Twahitimu bila kuketi darasa moja hata siku moja, kisha twatumwa kwa wanafunzi wale wale. Chama chetu kingeweza kuanza na jambo dogo: kuwaalika wenzetu hao alasiri moja, kila mmoja aje na madaftari aliyoyasahihisha.

Mimi nisingekuwa na la kuleta ila kumbukumbu. Muhula ulifungwa kabla sijalirudia daftari lile. Ningalijua haya wakati ule, nisingekuwa na deni la alama moja hadi leo.