Miaka 29, Bado Analala na Mdoli!

Leo nataka tuingie chumbani. Msishtuke, hatuendi mbali. Tunaishia pale kwenye mito, anapokaa yule mpangaji asiyelipa kodi: mdoli wa manyoya.

Dada zangu wengi mnanielewa. Binti ana digrii, ana gari la mkopo, ofisini anaitwa madam, lakini ukifungua mlango wa chumba chake unapokewa na dubu mwenye jicho moja. Mwingine ana sungura, mwingine ana tembo aliyepoteza mkonga. Na kaka zangu nanyi mnanielewa, maana swali lenu ni lile lile kila siku: "Mtu mzima, mdoli wa nini?"

Nakiri, hata mimi nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka mwaka jana, pale harusi ya shosti wangu ilipotaka kuvunjika kwa sababu ya dubu.

KADI ZIMESHACHAPWA

Shosti wangu huyu ana miaka 29, anafanya kazi benki hapa Dar es Salaam. Mchumba wake ni kijana mzuri tu, mpole, fundi wa kompyuta. Wiki tano kabla ya harusi wakaanza kuhamishia vitu kwenye nyumba waliyopanga Tabata. Michango imekusanywa, ukumbi umelipiwa nusu, kadi zimeshachapwa, kicheni pati imebaki siku tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati, kwa hiyo najua ninachosema.

Basi bwana, jamaa akiwa anapanga chumba akakutana na dubu. Zamani alikuwa wa kahawia, sasa amebaki kijivu. Jicho moja, sikio limeshonwa kwa uzi mwekundu, tumbo limebonyea. Kwa macho yake ule ulikuwa uchafu uliosahaulika. Akampa mlinzi wa getini ampelekee mtoto wake. Na ili mambo yawe matamu zaidi, akapitia dukani akanunua tedi jipya, kubwa, jeupe, limekumbatia moyo mwekundu. Akaliweka kitandani liwe sapraizi.

Jioni shosti akaingia chumbani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Wangu yuko wapi?" Alipojibiwa, akachukua mkoba wake akarudi kwa mama yake mdogo Kinondoni. Siku tatu simu ya mchumba haipokelewi. Siku ya nne akanipigia mimi: "Dada, naomba usimalizie malipo ya ukumbi."

Nilimfuata. Nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea aibu: "Mdogo wangu, unavunja ndoa kwa ajili ya mtumba?"

Ndipo akanisimulia. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka 6. Wiki moja kabla ya hapo baba yake alikuwa amemnunulia yule dubu kwenye mitumba ya Karume. Baada ya hapo akapelekwa kwa bibi Moshi. Bibi alipougua akahamishiwa kwa shangazi Tanga. Kisha bweni, na likizo anafikia kwa mjomba Morogoro. Mwisho kwa mama mdogo. "Kila nikizoea kitanda naambiwa nifungashe," alisema. "Walezi walibadilika, shule zilibadilika. Yule tu ndiye aliyekuwa anaingia kwenye begi kila safari."

Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: "Sasa na yeye ameondolewa bila mimi kuulizwa. Kama nilivyokuwa nahamishwa bila kuulizwa."

Msomaji, nilikosa la kusema. Wahenga hawakukosea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Niliporudi nyumbani nikaamua kusoma. Kumbe jambo hili limeandikwa zamani sana. Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa saikolojia, aliwaeleza wenzake kuhusu kile kitu laini ambacho mtoto mdogo hukichagua mwenyewe na hakubali kukiachia: kipande cha blanketi, kitambaa, mdoli. Kwa maelezo yake, kitu hicho humsaidia mtoto kuvumilia pale mama anapokuwa hayupo. Ni kama daraja kati ya mikono ya mama na dunia ya nje. Kwa kawaida mtoto hukiacha polepole, lakini Winnicott aliongeza kwamba hamu ya kitu kama hicho inaweza kurudi ukubwani, mtu anapohisi anakaribia kupungukiwa na kitu muhimu. Fikiria wiki tano kabla ya harusi, unahama tena nyumba!

Huko Marekani, mwaka 1958, mtafiti Harry Harlow alitangaza majaribio yake ya watoto wa nyani waliotenganishwa na mama zao. Aliwawekea "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu mwenye chupa ya maziwa, mwingine amefunikwa kitambaa laini lakini hana maziwa. Wale watoto walikwenda kwa yule wa waya kunyonya tu. Muda wao mwingi waliumaliza wakiwa wamemng'ang'ania yule wa kitambaa. Yaani kushiba ni kitu kimoja, na kuwa na mahali pa kujiegemeza ni kitu kingine.

Ila utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2008, wa Bruce Hood na Paul Bloom. Waliwaonyesha watoto mashine, wakawaambia inaweza kutoa nakala ya kitu chochote, sawasawa kabisa. (Ilikuwa kiini macho tu.) Kwa mdoli wa kawaida, watoto hawakuwa na shida na nakala. Lakini wale waliokuwa na kipenzi chao cha kulala nacho, wengi walitaka kile kile chao cha zamani, na wengine walikataa kabisa kisiingizwe kwenye mashine. Kaka zangu, mmesikia? Kama nakala iliyofanana kila kitu inakataliwa, tedi jipya la dukani litafanya nini?

"HAYA SI MAMBO YA KIZUNGU?"

Najua swali hili linakuja, maana kwenye kamati yetu liliulizwa. Ni kweli, huyu dubu mwenye jina la tedi ametoka Marekani. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt, aliyeitwa Teddy, alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Hakupata kitu. Wenyeji wake wakamkamata dubu mmoja wakamfunga kwenye mti ili rais ampige risasi. Akakataa, akasema huo si uwindaji. Gazeti likachora katuni, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akatengeneza na mkewe dubu wa kitambaa wakamwita kwa jina la rais. Wakati huo huo Ujerumani, kampuni ya Margarete Steiff, fundi cherehani aliyekuwa akitembelea kiti cha magurudumu, nayo ilikuwa ikishona dubu wa kwake. Cha kuchekesha, huyo huyo Roosevelt alipomaliza urais alishuka Mombasa Aprili 1909, na katika safari ile yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500. Huruma ya Mississippi aliiacha huko huko!

Lakini jina ndilo geni, jambo lenyewe tunalo. Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa pwani hii tunayopanga nyumba, walikuwa na mwana hiti, mdoli mdogo wa kuchongwa kwa mti. Mwali akiwekwa ndani alipewa huyo mwana amtunze: amwogeshe, ampake mafuta, amweke karibu. Huyo hakuwa mtoto mchanga, alikuwa binti anayeandaliwa kuwa mke. Watu wazima walielewa kwamba mtu anayevuka kutoka maisha haya kwenda yale anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Na kama kwenu hakukuwa na tedi wala mwana hiti, basi kulikuwa na khanga ya mama. Wangapi tulikuwa hatulali mpaka tushike pindo lake? Mimi khanga ya marehemu mama yangu ninayo hadi leo kabatini, sijawahi kuivaa, na mume wangu hajawahi kuniuliza inafanya nini pale. Nanyi akina kaka msijifanye mmekauka. Ile jezi ya Simba iliyotoboka kwapani, ambayo mkeo akiigusa tu nyumba inawaka moto, ni nini kama si tedi?

TURUDI TABATA

Nilimwita yule kijana tukakaa. Sikumgombeza, nilimsimulia tu zile nyumba tano. Akainamisha kichwa. Alijua wazazi wa mchumba wake waliachana, lakini yale ya kuhamishwahamishwa alikuwa hajawahi kuyasikia. Jumapili akapanda daladala mpaka Mbagala kwa mlinzi. Akamkuta mtoto wa miaka 4 amelala na dubu kifuani. Akashindwa kumnyang'anya. Akaenda moja kwa moja Kinondoni mikono mitupu, akamwambia mchumba wake ukweli: "Nimemwona, yupo salama, ila sikuweza kumchukua kwa nguvu. Nilishakosea mara moja."

Shosti aliniambia baadaye kwamba ni sentensi ile ndiyo iliyomrudisha. Jumamosi wakaenda wote wawili, na lile tedi kubwa jeupe wamelibeba mgongoni kama mgonjwa. Mtoto alipoliona, alimwachia dubu mzee palepale bila kinyongo akaruka na lake jipya. Kwake yule alikuwa mdoli wa siku kumi tu, hajawahi kuhama naye nyumba.

Harusi ilifanyika. Mweka hazina nililipa ukumbi. Kwenye kicheni pati, ambayo tuliisogeza mbele wiki moja, somo alianza kusema "mwanangu, sasa acha utoto", nikamkonyeza akabadilisha mada.

SASA TUFANYEJE?

Kwa mwanaume: usitupe, usigawe, usifiche. Uliza. Siyo kwa kejeli, uliza kama unavyouliza kuhusu picha ukutani: "Huyu ulimpata wapi?" Unaweza kusikia hadithi ambayo hujaisikia kwa miaka yote ya uchumba. Na usimwonee wivu mdoli, jamani. Yeye alikuwepo kabla yako, lakini hawezi kumwekea mwenzio maji ya kuoga wala kumshika mkono leba. Hizo nafasi ni zako.

Kwa mwanamke: mwambie mwenzio mapema, usimwache agundue mwenyewe siku ya kuhamisha vitu. Mimi nilimlaumu yule kijana, lakini pia nilimwuliza shosti: miaka miwili ya uchumba, kwa nini hakuwahi kumsimulia? Alijibu aliogopa kuchekwa. Ukiogopa kuchekwa na mtu unayetaka kuolewa naye, hilo ndilo la kuzungumza kabla ya kulipia ukumbi.

Pia jichunguze. Kumweka kwenye mto hakuna tatizo. Lakini kama kila mkigombana unamkumbatia dubu na kumgeuzia mumeo mgongo kwa wiki nzima, au huwezi kabisa kulala, kusafiri wala kufanya kazi bila yeye, basi kuna kidonda chini yake. Hapo tafuta mshauri nasaha, zungumza.

Mwisho, usafi! Mdoli wa manyoya hutunza vumbi na wadudu wadogo wasioonekana, na kama mmoja wenu ana pumu mtakesha. Mfunge kwenye mfuko, mweke kwenye friza saa 24, kisha mtie ndani ya foronya umfue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Mkamue taratibu, umwanike juani mpaka akauke hadi ndani, maana akibaki na unyevu ataota ukungu. Ukimaliza, mshone panapovuja.

Juzi nilipita Tabata. Dubu hayuko tena kitandani, yupo juu ya kabati, amefuliwa. Nikauliza nani kamweka huko. Shosti akacheka: "Mimi mwenyewe. Nilimhamisha polepole, nikimuaga kila usiku." Nikatazama vizuri nikaona ana macho mawili. Lile la pili ni kifungo cha shati, na mumewe ndiye aliyekishona. Kimekaa upande, lakini kimekaa.

Haya, kwa leo naishia hapa. Ukifika nyumbani, mwangalie mpangaji wako wa mtoni kwa jicho jipya. Tukutane mwezi ujao panapo majaaliwa. Pendaneni!