Acheni Kuwafukuza Wafiwa Kwenye Krismasi

Ipo kauli inayosikika kila Desemba 25 katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Tanzania. Watu wako mezani, mjane anaanza kumtaja marehemu mumewe, sauti inamkwama, na kabla hajamaliza mtu anamdakia: "Jamani, leo sikukuu, tusikumbushane machungu." Wengine wanaitikia. Mada inabadilishwa, muziki unaongezwa, soda zinazungushwa. Mjane anajifuta macho kwa kanga na kunyanyuka kwenda jikoni, ingawa huko hakuna kinachomsubiri. Waliobaki mezani wanaamini wameiokoa sikukuu.

Nasema wameiharibu. Hii imani kwamba Krismasi ni siku ya furaha tupu, na kwamba mwenye huzuni ana wajibu wa kuimeza asije akawaharibia wenzake, ni imani potofu. Haikutoka kwenye Injili wala kwa wazee wetu, na inawaumiza watu wale wale ambao sikukuu hii ilipaswa kuwakumbatia kwanza.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu Kilimanjaro, kwa sababu hakuna mahali Tanzania ambapo Krismasi ya familia inasemwa zaidi. Kila mwisho wa mwaka watu wanatoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Nairobi wakielekea mlimani. Mabasi hujaa, magari madogo hupangana kuanzia Chalinze, Segera, Korogwe, Same hadi Himo, na hata treni ya abiria, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, iliporudi Moshi ilirudi Desemba 2019, wakati ambao kila mtu anaitafuta njia ya kupanda nyumbani. Taifa zima linatutania sisi Wachaga kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo tumeupokea na tunaucheka pamoja na wenzetu. Lakini umeambatana na picha ya nusu: gari lililooshwa likaegeshwa mbele ya migomba, mbuzi anayechomwa, mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, watoto wenye nguo mpya. Picha hiyo ndiyo inayosambazwa kwenye simu, na sasa sisi wenyewe tumeanza kuiamini kwamba ndiyo Krismasi yote.

Nusu ya pili haipigwi picha. Uchagani marehemu wanazikwa kihambani, ndani ya shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Anayefika Desemba 23 usiku, kesho yake asubuhi akitoka nje anakutana ana kwa ana na kaburi la baba yake. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya wengi wetu siku ya mkesha ni kung'oa magugu makaburini na kupanga maua. Wengi huchagua wiki hiyo hiyo kujengea kaburi au kuweka msalaba, kwa kuwa ndipo ndugu wote wanapatikana. Mapadre na wachungaji wa vijijini wanajua jinsi maombi ya ibada za kumbukumbu yanavyorundikana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, sambamba na ubatizo, kipaimara na harusi. Familia moja inaweza kubatiza mtoto asubuhi na kusimama kaburini kwa bibi wa mtoto huyo mchana. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Ajabu imeingia hivi karibuni, pale tunaporudi kutoka kaburini, tunanawa mikono, tunaketi mezani, na kutangaza kwamba kuanzia hapo jina la aliyelala kule lisitajwe tena.

Tena barabara inayotuleta kwenye sikukuu ndiyo inayoleta majeneza. Februari 2023, kule Korogwe, gari lililokuwa likisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kwa mazishi liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walikufa, wengi wao ndugu wa familia moja waliokuwa wakimsindikiza mwenzao. Miezi kumi baadaye ikafika Krismasi. Kila gari lililopandisha kutoka Dar es Salaam mwaka huo lilipita pale pale. Nani kati yetu angethubutu kumwambia aliyebaki katika familia ile kwamba leo ni sikukuu, asitukumbushe machungu?

Rudini nyuma zaidi, Juni 1994, usiku ambao bweni la shule ya wasichana ya Shauritanga, wilayani Rombo, liliteketea kwa moto na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Wasichana wale walikuwa wawe nyumbani Desemba, kama wanafunzi wote. Wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kuchagua Krismasi ya furaha tupu. Waliokuwa na uwezo wa kuchagua ni majirani na ndugu: kuketi nao na kuwataja mabinti kwa majina, au kuwakwepa hadi Januari. Mzazi husahau kilichopikwa mwaka ule. Hasahau ni nani alikuja na nani alimkwepa.

Wanaosema machozi hayana nafasi kwenye Krismasi wanadai wanailinda imani. Waifungue basi hiyo Injili. Mathayo hasimulii tu mamajusi na zawadi zao. Katika sura hiyo hiyo ya pili anasimulia Herode akiamuru watoto wa Bethlehemu wauawe, Yusufu akiamka usiku kukimbilia Misri na mke na mtoto, na kilio cha akina mama ambacho mwinjili anakifananisha na kilio cha Raheli. Luka naye anaanza simulizi la kuzaliwa kwa Yesu na safari ya lazima kwa amri ya Kaisari na mama aliyejifungua mahali pasipostahili kwa kukosa nafasi. Kanisa halikuyaficha hayo. Kalenda yake inaweka Desemba 26 kuwa siku ya Stefano, shahidi wa kwanza aliyepigwa mawe hadi kufa, na Desemba 28 kuwa kumbukumbu ya watoto wale waliouawa na Herode. Saa 24 baada ya hori, mavazi ya altareni ni mekundu, rangi ya damu. Waliopanga kalenda hiyo walijua kwamba furaha ya Krismasi si ya watu wasiofiwa. Ni habari njema iliyoletwa kwa wafiwa.

Wapo pia wanaodai wanailinda mila. Nao wakumbuke walikotoka. Wazee wetu hawakuanza kunywa mbege kabla ya kumwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Simwambii Mkristo wa leo arudi kwenye tambiko. Namwambia kwamba katika fikra za wazee wale haikuwepo karamu ya ukoo isiyomtaja aliyekufa. Mbege yenyewe inadai subira ya siku nyingi: ulezi uoteshwe na kusagwa, ndizi mbivu zichemshwe na kuachwa, gome chungu la mti wa msesewe liongezwe. Kinywaji cha sherehe kina uchungu ndani yake, na wazee hawakujaribu kuuondoa.

Krismasi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile iliyofuata kifo cha babu. Mbuzi alipochinjwa, akina baba walisita kwenye kugawa nyama, kwa sababu kwetu kila fungu lina mwenyewe na fungu la babu lilikuwa halina wa kulipokea. Mmoja akataka kulichanganya na mengine kimyakimya. Bibi akakataa. Alilitaja fungu lile kwa jina la mumewe, akalia mbele yetu sote, wajukuu tukiwa tumeduwaa. Kisha akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akamtuma baba mkubwa alipeleke pamoja na lile fungu la nyama kwa jirani ambaye babu alikufa wakiwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka huo huo. Kwa Wachaga aliyepelekewa isale ameombwa msamaha, na si rahisi kukataa. Jirani alikuja na mkewe jioni ile. Akasimama kaburini, akarudi akala nasi. Ugomvi wa miaka uliisha kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza siku ya sikukuu.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Kunyamaza hakuishii mezani. Kati ya Desemba 26 na Mwaka Mpya ndipo vikao vya ukoo vinapokaa, na huko yanazungumzwa mahari, ada za watoto, deni la hospitali, na nani abaki na kihamba. Mjane aliyezimwa juzi asimtaje mumewe, leo anaingia kwenye kikao ambako jina hilo hilo linatajwa na watu wengine, kwa ajili ya ardhi. Amekwisha kufundishwa kwamba akisema anaharibu, na kwamba akilia analeta nuksi. Basi ananyamaza, na wakati mwingine anaondoka kikaoni bila shamba alilolipalilia ujana wake wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria haiketi nasi mezani. Sauti ya mjane ndiyo inayoketi, na hiyo tunaizima wenyewe kwa jina la furaha.

Wapo pia wanaofukuzwa bila hata neno kusemwa. Kijana aliyepoteza kazi Oktoba hapandi nyumbani Desemba. Si nauli peke yake inayomzuia. Anajua kwamba meza ile haina nafasi ya habari yake, na hana nguvu za kuigiza siku tatu. Mama aliyeharibikiwa na mimba anajibanza chumbani wakati wenzake wanapokezana vitoto sebuleni. Mwenye mgonjwa katika hospitali ya Muhimbili au KCMC anapiga simu mara moja tu, haraka, asiwasumbue. Mwaka unaofuata hapigi kabisa. Halafu wakubwa wa ukoo wanalalamika kwamba siku hizi vijana hawapendi nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ukoo unaoficha huzuni zake hugundua siku ya mazishi kwamba watu wake hawajuani tena.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni la watoto: waachwe wafurahi, wasibebeshwe mizigo ya wakubwa. Nami nataka wafurahi. Wavalishwe nguo mpya, wale pilau na biskuti, wakimbizane migombani mpaka giza. Lakini mtoto anajua kwamba babu hayupo. Anachokitazama kwetu ni jinsi ya kuishi na kutokuwepo huko. Akiona wakubwa wanalia, wanafarijiana, kisha wanakula na kucheka, amejifunza kwamba huzuni haiui na kwamba halazimiki kuibeba peke yake. Akiona wakubwa wanaigiza, amejifunza kuigiza, na atakapokuwa na matatizo yake akiwa na miaka 16 hatatuambia.

Jibu la pili ni kwamba mwaka mzima una huzuni ya kutosha, tupumzike hata siku moja. Ni hoja yenye huruma, ila inampa pumziko mtu ambaye hakuchoka. Aliyefiwa hapumziki kwa kunyamazishwa. Anafanya kazi mbili: kubeba msiba wake na kuuficha. Anapumzika pale mwingine anapomsaidia kuubeba, hata kwa dakika tano.

Wengine watasema hata mfiwa mwenyewe huenda hataki kuzungumza. Ni kweli, na huyo aachwe. Sitaki mtu alazimishwe kulia mbele ya ukoo ili tuonekane tumeomboleza. Wapo wanaotaka Krismasi ya kelele na muziki hasa kwa kuwa mwaka wao ulikuwa mzito, na hiyo ni haki yao. Ninachokipinga ni uamuzi kufanywa na wasiofiwa kwa niaba ya waliofiwa.

Basi tufanye nini Desemba hii? Mambo haya hayana gharama. Kabla ya chakula, mkubwa wa familia anapoomba, awataje kwa majina waliofariki tangu Krismasi iliyopita, na awape watu nafasi ya kusema lolote. Aliyepoteza kazi apigiwe simu mapema na aambiwe waziwazi kwamba anatakiwa yeye, si bahasha yake. Mwenye nafasi amchangie nauli. Anayeuguza apigiwe na sisi, tusingoje apige yeye. Kikao cha ukoo kinachogusa mali ya marehemu kimpe mjane neno la kwanza, si la mwisho. Na anayetaka kusema "leo sikukuu" ajiulize kwanza anamlinda nani: mfiwa, au starehe yake mwenyewe.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haiangalii kalenda. Sikukuu ya familia ni ya familia nzima, na wafiwa ni sehemu ya familia. Asiyekubali hilo asituambie kwamba anailinda Krismasi.