Kutokuwa na VVU si Kutokuwa na Kuvu

Katika Wilaya ya Kilosa, kuanzia mashamba ya mkonge ya Kimamba hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mikumi, mtu anayekohoa kwa miezi, akikonda na kutokwa jasho usiku, hupimwa kifua kikuu, na ndivyo inavyostahili. Shaka yangu huanza pale makohozi yasipoonyesha vimelea, naye akaanzishiwa dawa za miezi sita kwa kukisia, asipate nafuu. Akiwa na VVU, huenda tabibu akaikumbuka kuvu. Akiwa hana, kuvu haitajwi.

Mgawanyo huo hauna msingi. Samuel Darling aliieleza histoplasma huko Panama mwaka 1906 (ingawa yeye alidhani ni protozoa), miaka 75 kabla ya UKIMWI kutambuliwa. Aina yake ya Kiafrika, duboisii, iliyobainishwa mwaka 1952, hushambulia zaidi ngozi, mifupa na tezi, na wengi wa wagonjwa wake hawana VVU. Kuvu ya jamii hii huota katika udongo wenye kinyesi cha popo au ndege. Afagiaye dari yenye popo aweza kuivuta pamoja na vumbi. Wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi walikwisha kukutwa na histoplasma. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kuhusu ugonjwa huu uliandikwa kwa ajili ya wanaoishi na VVU.

Watakaosema ugonjwa ni adimu wakumbuke kwamba mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, kuvu haiioni. Nionavyo, hatua ya kwanza ni ya gharama ndogo: tezi au kinundu cha ngozi kikatwe kipande, na kwenye fomu liandikwe neno “kuvu”, ili mtaalamu wa patholojia atumie rangi ya fedha inayoidhihirisha. Kipande kingine kiwekwe katika maji ya chumvi salama, kwa kuwa kilichotiwa formalini hakioteshwi tena.

Jibu likithibitisha kuvu na si kifua kikuu, dawa za kukisia zisimamishwe. Rifampisini hushusha mno kiwango cha itrakonazoli mwilini, hata mgonjwa aliyepewa dawa sahihi akaendelea kudhoofika.