Damu Mbaya



Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuliweka kando somo la Jumapili na kuzungumza juu ya damu. Si damu ya mafumbo, bali hii inayotoka mtu anapojikata kisu akimenya viazi. Kilichotusukuma ni mazishi. Mwezi uliopita tulimzika mtoto wa miaka saba. Pale makaburini, baada ya udongo kufukiwa na mashada kuwekwa, tulisikia kwa masikio yetu mama mmoja wa upande wa baba akimnong'oneza mwenzake kwamba mkamwana wao ana damu mbaya. Mama wa marehemu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Nasi hatukusema neno. Tulivua stola, tukaikunja, tukaondoka. Ukimya ule umetusumbua tangu siku hiyo, na makala hii ni deni tunalojaribu kulilipa.

Mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na katika Afrika wengi wao hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, mara nyingi bila hata jina la ugonjwa wao kujulikana. Hakuna parokia ya nchi hii isiyoguswa. Hata hivyo tunapoutaja mimbarini, tunautaja katika maombi ya waumini na kupita. Basi tuutazame kwa karibu walau mara moja.

Ndani ya kila seli nyekundu ya damu mna himoglobini zinazokaribia milioni 270. Himoglobini ni protini, na protini ni mnyororo uliotungwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama shanga katika uzi. Shanga hizo ni za aina 20 tu, lakini mpangilio wake ndio unaotofautisha unywele na kucha, utando wa jicho na msuli wa moyo. Himoglobini ina minyororo minne iliyokumbatiana: miwili ya alfa, yenye shanga 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye shanga 146 kila mmoja. Jumla ni shanga 574. Minyororo hiyo haikai imenyooka. Hujikunja na kujisokota hadi ikapata umbo moja mahususi, na kila mnyororo hushika chembe moja ya chuma, mahali pa kuketi oksijeni.

Aliyetuonyesha umbo hilo ni Max Perutz, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Cambridge, Uingereza, mwaka 1936. Mwaka uliofuata alianza kuipiga picha himoglobini kwa eksirei, na alisubiri hadi mwaka 1959 ndipo akaiona sura yake. Miaka ishirini na miwili juu ya molekuli moja! Mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na mwenzake John Kendrew, lakini hakuiacha kazi. Mwaka 1970 alieleza jinsi molekuli hiyo inavyobadilika umbo inapopokea oksijeni na inapoiachia. Viti vile vinne havijazwi kila kimoja kwa wakati wake bila kujali vingine. Ni kama wageni wanne waliozunguka sinia moja: wa kwanza akishamega tonge, wengine hawasiti tena, na mmoja akiinuka, wengine hawakawii kuinuka. Ndivyo oksijeni inavyopakiwa kwa wingi mapafuni na kushushwa kwa wingi kwenye misuli. Tunakiri kwamba tuliposoma habari hii tulifunga kitabu kwa muda, tukakaa kimya.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Katika mnyororo wa beta, mahali pa shanga ya sita, panapaswa kuwa na asidi amino iitwayo glutamiki. Kwa mwenye selimundu pamekaa nyingine, iitwayo valini. Kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, shanga mbili kati ya 574 ndizo zilizobadilika. Nyingine zote ni sawa na za kwetu sote. Lakini glutamiki hupenda maji, na valini huyakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia. Himoglobini inapoachia oksijeni, umbo lake hufungua kijishimo ambamo valini ya himoglobini jirani huingia na kujishikiza. Jirani naye hushikwa na mwingine, na mwingine tena, hadi zikawa nyuzi ndefu ngumu. Seli iliyokuwa laini, yenye kupenya popote, hukakamaa na kupinda kama mundu. Huziba mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha akishika magoti na kifua. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii hufa baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano.

Daktari James Herrick wa Chicago aliziandika seli hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1910, akizielezea kutoka katika damu ya kijana wa kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha, kwa kupitisha umeme, kwamba himoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti na ya watu wengine. Wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1956 Vernon Ingram, katika maabara ileile ya akina Perutz, akapata tofauti yenyewe: shanga moja katika mnyororo.

Turudi basi kwa yule mama wa makaburini. Ili mtoto awe na selimundu, sharti arithi agizo la valini kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Agizo moja peke yake halileti ugonjwa huo. Kwa hiyo anayesema mkamwana ndiye aliyeleta damu mbaya katika ukoo, anausema na ukoo wake mwenyewe bila kujua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kupata mbebaji kama wao, na moja ya kupata mtoto asiye na agizo hilo kabisa. Tunasema kila mimba. Tumewahi kuambiwa na baba mmoja kwamba kwa kuwa wa kwanza ameugua, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Hesabu huanza upya kila mara.

Na kuhusu neno "mbaya", liko jambo ambalo wengi hawajalisikia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alishangaa mwaka 1949 kuona kwamba wabebaji wa selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini wachache nyanda za juu. Akajiuliza ni nini kinachofanana kati ya pwani na ziwa. Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye kurithi agizo hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Damu tunayoinong'onea makaburini ndiyo iliyowavusha babu na bibi zetu wengi walipokuwa watoto, kabla ya vyandarua na dawa. Wajukuu wao wanaorithi pande zote mbili ndio wanaolipa gharama ya uzima huo. Wanafunzi wa Bwana, katika Injili ya Yohane sura ya tisa, walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, nao wakajibiwa kwamba si yeye wala si wazazi. Sisi tumelisoma somo hilo kila Kwaresima linapofika zamu yake, na bado swali letu msibani ni lilelile.

Wapo miongoni mwetu, na katika halmashauri ya parokia walikuwapo, wanaopendekeza kwamba wachumba wote walete cheti cha kipimo, na wabebaji wawili wasifungishwe ndoa. Tunawaheshimu, kwa maana wanasema hivyo kwa uchungu wa waliyoyaona. Lakini hatukubaliani nao. Sheria ya Kanisa ina orodha ya vizuizi vya ndoa, na selimundu haimo; paroko hana mamlaka ya kuiongeza kwa hofu yake. Aidha, tukianza kuwaambia wabebaji kwamba hawafai kuoana, tutakuwa tumeyarudia maneno ya makaburini kwa lugha ya ofisini.

Hata hivyo hatukubaliani pia na ukimya tulioufanya desturi. Wachumba hutufikia wakati mahari imekwisha kutolewa, kamati ya harusi imekwisha kukusanya michango, ukumbi umelipiwa na sare zimeshonwa. (Kamati za harusi zina nguvu kuliko sheria ya Kanisa, lakini hayo tuyaache kwa wiki nyingine.) Kuwaambia siku hiyo wakapime ni kuwatesa. Maoni yetu ni kwamba habari hii ifundishwe mapema zaidi: katika mafundisho ya Kipaimara, katika vikao vya VIWAWA na WAWATA, na katika jumuiya ndogo ndogo, ili kijana aijue hali yake kabla moyo haujazama mahali. Mwenye kujua mapema huamua kwa uhuru, na ndoa bila uhuru si ndoa. Tuongeze neno la matumizi: baadhi ya vipimo vyepesi vya haraka huonyesha tu kwamba himoglobini ya mundu ipo, havitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ulizeni kipimo kinachotenganisha himoglobini, kama kile cha umeme alichotumia Pauling.

Lipo pia la tiba. Tumesikia wazazi wakishauriwa waache dawa ili imani yao ionekane. Tunaomba kwa ajili ya wagonjwa na tutaendelea kuwapaka mafuta, lakini shauri hilo ni la hatari na tunalikataa waziwazi. Mtoto apewe penisilini ya kinga, chanjo, kinga ya malaria na maji ya kutosha. Akingwe na baridi. Iko pia dawa iitwayo hidroksiyurea, na namna inavyosaidia inaturudisha kwenye minyororo yetu. Mtoto akiwa tumboni hatumii sana mnyororo wa beta. Anatumia mwingine, uitwao gama, usio na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, gama hupungua polepole na beta kushika nafasi, ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima kabisa kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Hidroksiyurea huurudisha mwili kiasi fulani kwenye himoglobini ile ya tumboni. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba inayofuata njia hiyohiyo ya kuiamsha himoglobini ya tumboni. Nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wako huku kwetu. Dawa iko huko. Hatuoni haya kulisema hilo kwa sauti.

Jumanne iliyopita tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba radhi kwa ukimya wetu wa siku ile. Alitukaribisha chai, akatusikiliza, hakulia. Alikuwa na swali moja tu: mdogo wake marehemu ana miezi minne, ananyonya vizuri, anacheka, hajawahi kuugua hata mafua, je, naye apimwe? Tulimjibu ndiyo. Alhamisi tulifuatana naye kliniki, na baba wa mtoto akaja pia, akamshika mtoto wakati wa kuchomwa. Majibu hatujayapata.