Lenzi Kuukuu Yenye Jicho la Usiku

Ndugu msomaji, zitazame tena picha za nyumbani zilizopigwa usiku kwa flashi. Aghalabu utaona sura za watu zimepauka kana kwamba zimepakwa unga, macho yamekuwa mekundu, na ukuta ulio nyuma umegeuka giza totoro. Taa iliyokuwa ikiwaka mezani haionekani kuwa inawaka, na ule mwanga wa manjano uliowakusanya wenyeji na wageni umetoweka. Flashi imetuambia nani alikuwapo, ila usiku wenyewe imeufuta.

Jumapili hii tuzungumze juu ya chombo kilichoundwa ili kuuhifadhi mwanga huo, nacho ni lenzi ya zamani, pana na yenye kasi, ivaliwayo na kamera ya kipima-umbali. Simu za leo huweza kupiga picha za usiku kwa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja, na anayetosheka nazo hana haja ya kuingia gharama hii. Lakini wako wengi, vijana kwa wazee, waliorudi katika kamera hizi za mikono. Baadhi yao hutoa akiba ya miezi mingi kununua jina lililochorwa kwenye pete ya lenzi, bila ya kukitazama kioo kilichomo ndani. Kwa hiyo jambo hili ni la mfuko wa nyumba kama lilivyo la sanaa, na yafaa lifikiriwe kwa utulivu.

Kwanza tuelewane kuhusu kamera yenyewe. Kamera ya kipima-umbali haikuonyeshi mambo kupitia lenzi yake. Ina vidirisha juu ya mwili wake, na mwanga unaoingia humo hukutanishwa ndani ya kidirisha cha kutazamia. Hapo katikati utaona sura mbili za kitu kimoja. Unapozungusha pete ya lenzi sura hizo husogeleana, na zikilaliana barabara, umbali umepatikana. Kamera ya namna hii hufaa sana penye mwanga hafifu. Kidirisha hubaki king'avu kwa kuwa hakitegemei lenzi. Tena hakuna kioo kinachoruka ndani wakati wa kupiga, hivyo mtikisiko ni mdogo na mlio ni wa chini. Kamera ya Leica, aliyoibuni Oskar Barnack, iliingia sokoni mwaka 1925. Mwaka 1954 kiwanda kilekile cha Ernst Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, kilitoa Leica M3, na mdomo wa lenzi uliokuja na kamera hiyo ungali ukitumika hadi leo.

Lenzi pana tunayoikusudia ni ya milimita 35. Hii huchukua eneo kubwa kuliko lenzi ya kawaida ya milimita 50, hata ukiwa umeegemea ukuta wa chumba kidogo ukawapata watu wote walioketi mkekani. Ama neno kasi, hapa halina maana ya mwendo wa lenzi. Lenzi huitwa ya kasi ikiwa tundu lake la mwanga laweza kufunguka sana, na hivyo kuiruhusu shata, yaani kilango cha kamera, ifunguke na kufunga upesi. Kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Tundu la f/1.4 hupitisha mwanga mara mbili ya f/2, na mara nne ya f/2.8.

Chukua mfano wa sebule yenye taa moja, na filamu ya ISO 400. Kwa f/2.8 huenda ukahitaji kuiacha shata wazi kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde. Mkono utatikisika, na mtoto hatangoja. Kwa f/1.4, mwanga uleule utatosha kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, na hapo wengi wetu twaweza kuishika kamera imara. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ndiyo inayoamua kama uso wa bibi akisimulia utasomeka au utakuwa wingu.

Mafundi wa lenzi waliishindania tofauti hiyo kwa miaka kadhaa. Mwaka 1956 Nippon Kogaku ya Japani, ambayo sasa yajulikana kwa jina la Nikon, ilitoa lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 kwa ajili ya kamera zake za kipima-umbali. Canon nayo ilitoa ya f/1.8 mwaka huohuo, kisha mwaka 1958 ikatoa ya f/1.5. Mwaka 1961 ikaja Summilux ya f/1.4 kutoka Leitz, kazi ya tawi la kampuni hiyo lililokuwa Midland, Ontario, nchini Kanada. Summilux hiyo ya vioo saba iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990, na mwaka 2022 kampuni ya Leica iliirudisha sokoni lenzi mpya yenye umbo la ile ya kwanza. Wapo pia wanaochagua Nokton Classic ya f/1.4 kutoka kampuni ya Cosina ya Japani, lenzi ya karne hii yenye tabia inayofanana na ya kale.

Sasa uchague ipi? Anza na kamera uliyo nayo. Lenzi za Canon za miaka ile zina mdomo wa skrubu wa milimita 39, na ili zikae kwenye Leica ya aina ya M hapana budi upate adapta. Adapta yenyewe iwe ile inayoleta mistari ya fremu ya milimita 35 ndani ya kidirisha. Ukipewa isiyo yake, utakuwa ukikadiria mipaka ya picha kwa kubahatisha. Kumbuka pia kwamba M3 haina mistari ya milimita 35 kabisa, ilhali M2 iliyoifuata inayo. Lenzi ya Nikon iliundiwa hasa kamera za Nikon, nazo zina mdomo wao wa peke yake.

Mwenye kamera ya kidijitali ana mahesabu mengine. Leica M8 ya mwaka 2006 ilikuwa na kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu, hivyo lenzi ya milimita 35 huonyesha humo eneo kama la lenzi ya milimita 47. M9 ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta kihisi cha fremu kamili katika ukoo huo. Kamera nyingi za kampuni nyingine zaweza kuvishwa lenzi hizi kwa adapta, lakini kioo kinene kilicho mbele ya vihisi vyao huweza kuzififisha pembe za picha. Zaidi ya hayo, kamera ipigayo vizuri kwa ISO 3200 hupata kwa f/2.8 mwanga ambao filamu ya ISO 400 ingeupata kwa f/1. Mwenye kamera kama hiyo asidanganyike kuwa bila f/1.4 hana picha ya usiku. Lenzi ya f/2 au f/2.8 yaweza kumtosha, na fedha inayobaki ina kazi nyingine nyumbani.

Ukisha kuamua aina, usiinunue kwa kusikia sifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chukua tochi, fungua tundu lote, mulika kutoka upande mmoja na kutazama kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Ukiona wingu jeupe lililotanda kote, huo ni utando wa mvuke wa mafuta. Pengine husafika, pengine umekwisha kukila kioo. Mikwaruzo miwili mitatu ya mbele haiharibu picha sana, lakini wingu la ndani huharibu kila picha, hasa kukiwa na taa mbele yako. Tazama tena vipande vyembamba vya chuma vinavyofunga tundu. Vikiwa na mafuta, ulizia bei ya fundi kabla ya kutaja bei yako.

Jaribio la mwisho ni la umbali. Weka kitu kilichosimama wima umbali wa mita 1, laza sura mbili pamoja, kisha upige kwa tundu lililo wazi kabisa. Kama kilichokuwa mbele au nyuma ya shabaha ndicho kilichotoka vizuri, basi lenzi na kamera hazipatani. Pengine kosa ni la kamera, pengine ni la lenzi; vyovyote iwavyo, marekebisho ni gharama, nayo yahesabiwe katika bei.

Tuje kwenye matumizi. Lenzi hizi kuukuu zikifunguliwa kabisa hazina ukali wa lenzi za leo. Summilux ya zamani, kwa f/1.4, huzizungushia taa ukungu wa nuru, na taa zilizo pembeni mwa picha huota mabawa. Ukifunga hadi f/2.8 au f/4 hutulia na kuwa makini. Wengine huupenda ukungu huo na wengine huukimbia. La busara ni kuujua kabla, ili usimweke mwenye shughuli ubavuni mwa taa kali ukaja kushangaa baadaye.

Jambo la pili ni unyembamba wa eneo linaloonekana vizuri. Kwa f/1.4, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo hilo ni kiasi cha sentimita 28 tu; akiwa mita 1, halizidi sentimita 7. Nacho kidirisha cha kipima-umbali hukuonyesha kila kitu kikiwa wazi, hakikuonyi. Basi pima kwenye jicho la mtu, na umpige papo hapo kabla hajainama. Unapopiga kundi, wapange watu katika mstari mmoja au ufunge tundu kidogo.

Tatu, usimsukume mtu pembeni kabisa mwa fremu. Lenzi pana huvuta sura zilizo ukingoni, na mama mkwe hatafurahi kuona shavu lake limeongezwa. Nne, usilazimishe f/1.4 juani. Filamu ya ISO 400 penye jua kali hutaka kama f/11 hata kwa shata ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Mchana weka f/8, elekeza pete kwenye mita 5, na karibu kila kilicho kutoka mita 2 na nusu hadi upeo wa macho kitakuwa wazi. Kwa njia hiyo utapiga sokoni au kituoni bila ya kuhangaika na pete.

Neno la mwisho ni la utunzaji, hasa kwa sisi tuishio pwani, Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa. Kuvu hupenda joto, unyevu na giza, na mfuko wa ngozi uliofungiwa kabatini huwa na yote matatu. Iweke lenzi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, navyo vibadilishwe vinapochoka. Zaidi ya yote, itumie, kwa kuwa lenzi itolewayo kila wiki hupata hewa na nuru.

Hivyo basi, ndugu msomaji, nunua kioo safi kabla ya jina kubwa, na nunua kasi ile tu unayoihitaji. Kisha usingoje sherehe. Jioni moja ya kawaida, zima flashi, keti na wazee wako chini ya taa ileile ya kila siku, na upige wakiwa katika mazungumzo yao. Lenzi ikipotea yaweza kununuliwa nyingine. Mzee na hadithi yake hawapatikani tena sokoni.

Hadi Jumapili ijayo.